Pemba nimeolewa

"Kabila?" aliuliza msichana wa mapokezi hospitalini, peni keshaiweka juu ya fomu. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, nikamjibia bibi haraka: "Mpemba."

Bibi akanigeukia. "Mpemba nani? Pemba nimeolewa."

Ni kweli. Kakaa Wete miaka sitini na ushei, kazaa saba, kachuma karafuu mpaka vidole vimeshika harufu, na bado majirani wanaucheka mpaka leo usemi wake wa mjini. Akivuka kuja Unguja anaitwa Mpemba. Mie nikienda Dar ni Mpemba mwenye duka, na duka sina, tena hesabu zilinishinda tangu skuli.

Babaake ndiye mwenye kisa. Sensa ya Zanzibar ya 1924 iliwahesabu Waswahili kwa maelfu, ya 1948 hawakutimia hata 1,000, na si kwamba walikufa. Watu walihama jina. Wakati wa vita vya Hitler mchele uliadimika, Waingereza wakaugawa kwa kuangalia taifa la mtu, Waarabu na Wahindi wakatangulizwa. Mzee, Mhadimu wa watu, mwenyeji wa Unguja, ghafla akamkumbuka nyanya yake wa Kimanga, Mwarabu wa Omani, ambaye nyumbani hakuna aliyekuwa akimtaja. Akajiandikisha Mwarabu. Wakala wali.

Kadi ya mgao akaitunza ndani ya msahafu miaka ishirini.

Januari 1964, Mapinduzi yalipowageukia Waarabu, bibi alikuwa kaja kwao Kikwajuni, mjini Unguja, kujifungua mtoto wa kwanza. Anasema babaake aliitoa ile kadi usiku, akaitia jikoni kwenye vifuu vya nazi, akaikorogakoroga kwa upawa mpaka ikawa jivu. Upawa wenyewe ukaungua ncha. Mamaake akagomba kwa ajili ya upawa. Bibi akifika hapo hucheka peke yake, halafu hunyamaza, na mie sijapata kumuuliza kwa nini.

Sasa wewe kaandike hayo kwenye kimstari cha fomu.

"Na wewe mwanangu kabila gani?" bibi akamuuliza msichana.

"Baba mtu wa Makunduchi, mama Mnyamwezi. Nimezaliwa Mwembetanga."

"Ala! Jirani yangu! Mwembetanga upande gani?"

Wakaanza kutajiana nyumba, nani kahama, nani kauza, mwembe upi ulikatwa. Watu wa foleni wakaanza kuguna. Msichana akapiga kistari kwenye kabila, akamwambia bibi akunje mkono wa baibui apimwe presha.