Nilivyojifunza kulisha bwawa badala ya samaki

"Baba Neema, amka, samaki wako wanakunywa hewa."

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nilitoka na tochi nikakuta bwawa zima ni midomo tu juu ya maji, na maji yenyewe kijani kama mlenda. Tukafungulia mfereji, mimi na watoto tukapiga maji kwa mabeseni mpaka jua likatoka. Hata hivyo niliokota sato zaidi ya sitini waliokufa.

Kosa lilikuwa langu. Juzi yake nilimwaga viroba vitatu vya samadi ya kuku, kwa kuwa nilishaambiwa kwamba samadi ni chakula cha samaki. Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, alipokuja akacheka kidogo (sikupenda), kisha akaniuliza, "Mahindi yako yanakula mbolea au yanakula jua?" Nitrojeni na fosforasi ya samadi hukuza mwani, ule ukijani wa majini. Mwani hunasa nguvu ya jua, sato hula mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku hautoi, nao hupumua kama samaki, na bakteria wanaoozesha samadi hupumua zaidi. Ndiyo maana hewa huisha karibu na mapambazuko.

Nilikaa wiki mbili bila kuweka samadi. Sasa naitia ndani ya kiroba kimoja, nakifunga kwenye mti pembeni mwa bwawa, nakitikisa kila siku. Kipimo changu ni mkono: nauzamisha taratibu, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi, natoa kiroba. Kikionekana hata kiwiko kikishazama, naongeza kidogo.

Tatizo la pili lilikuwa sato kuzaliana ovyo, wakajaa wadogo wasiokua. Nikaweka kambale wachache ili wawale vifaranga wa sato. Hapo jirani akashauri nifuge kambale watupu, maana wana bei. Nikakataa. Kila ngazi ya ulaji hupoteza nguvu nyingi kama joto na mwendo. Kinachofika ngazi inayofuata ni kama sehemu moja ya kumi, kwa wastani. Sato anayekula mwani yuko karibu na jua. Kambale yuko ngazi ya juu, na pengo hilo ningelijaza kwa kununua dagaa na mashudu. Jirani mwenyewe anafuga kambale, na kila wiki namsikia akilalamikia bei ya dagaa.

Nguvu iliyopotea hairudi, ila mbolea inazunguka. Nikikausha bwawa baada ya kuvuna, tope la chini nalipeleka kwenye matembele. Majani yaliyokomaa nawatupia sato, na kinyesi chao kinarudi kwenye tope lile lile.

Wakati wa mawingu mazito sigusi samadi kabisa. Na saa kumi na moja bado natoka na tochi.