Hiyo kanda mmerekodia wapi

Siku ya tatu leo. Nimejaribu kulala kwenye gari, nimejaribu kulala kitandani, nimeoga maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu, bado ile sentensi iko palepale kama kibanzi chini ya ukucha. Kwa hiyo naandika, labda kitatoka.

Ilikuwa Jumanne baada ya shoo ya kundi letu dogo la tamthilia ya muziki, lile ninalolipigia kibodi, kinanda cha umeme. Watu walishatoka karibu wote, Kaka Taa yuko juu ya ngazi anafungua taa zake, sisi wengine tunakunja vitu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jukwaa na ule waya mrefu wa spika, nyie mnaujua navyousumbukia, ukiukunja haraka haraka unajisokota na kesho hautaki kunyooka, lazima duara moja ulipitishe juu na linalofuata chini, juu, chini, na ukipoteza hesabu unaanza upya. Akaja mzee mmoja taratibu na fimbo yake mpaka ukingoni. Koti limefungwa vifungo vyote. Nikamwambia shikamoo mzee.

"Marahaba binti. Hongereni sana." Halafu akanyoosha fimbo kidogo kuelekea spika. "Hiyo kanda mmerekodia wapi? Safi kweli."

Na mimi nikasema, "Asante mzee."

Basi. Asante mzee, huku naendelea kukunja waya, juu, chini. Alisema na jambo lingine hapo lakini sikulisikia, maana masikio yangu yalibaki kwenye neno kanda. Akaniambia usiku mwema, akaondoka.

Kwa nini nilisema asante? Asante ya nini? Mtu kanipokonya kazi yangu mkononi, kaigawia mashine, na mimi namshukuru kwa adabu. Ningeweza kusema "siyo kanda mzee, ni mimi." Maneno matano tu. Tangu juzi nayasema kichwani kwa sauti zote, mara kwa upole, mara kwa kicheko, mara namshika mkono nampeleka nyuma ya pazia namwonyesha kibodi, naweka vidole, anasema aaah kumbe! Kisha narudi kwenye kweli na pale nasikia tena asante mzee.

Nikijaribu kuwa wa haki, namwelewa. Ukumbi ule ni mwembamba, hakuna nafasi mbele ya jukwaa, kwa hiyo mimi na Filimbi, mpuliza filimbi wetu, tulikaa pembeni kabisa nyuma ya pazia jeusi, tumevaa nyeusi, mimi namwona mwimbaji kwa upenyo wa vidole vitatu hivi. Na kibodi haina sauti yake yenyewe hewani, inatoka kwenye spika zilezile ambazo kanda ingetokea. Piano ilikuwepo pale ukumbini, kubwa na nzuri kwa macho, ila nilipogonga noti ya A ilikuwa imeshuka karibu nusu noti chini ya 440, kipimo cha kawaida cha noti hiyo, ndiyo kawaida ya piano zinazoachwa kwenye kumbi zisizofunguliwa mara kwa mara, ule ubao wa sauti unavimba na kusinyaa kila unyevu unapobadilika na nyuzi zinafuata. Filimbi hawezi kushuka mpaka aifikie piano hata avute kichwa cha filimbi mpaka kitoke. Kwa hiyo tukafunga mfuniko wake tukatoa kibodi yetu kwenye gari kama siku zote. Mzee angenionaje?

Lakini kuelewa hakukuondoa kitu. Na kilichofanya neno lile lichome ni kwamba halikunikuta mzima. Mnakumbuka nilivyoandika kuhusu kikao cha Jumapili. Bosi alisema kwa sauti ya chini kabisa, siyo kwa ubaya, kwamba msimu ujao anafikiria plebeki, yaani muziki uliorekodiwa badala yetu, maana mimi na kibodi yangu na stendi na kiti chetu tunakula nafasi ya watu wawili kwenye gari, na Filimbi naye ni mtu wa kulipwa na kulazwa. "Watazamaji wengi hawatajua tofauti," alisema. Nikabisha, nikabisha sana, mpaka Dada Mavazi akanigusa goti chini ya meza. Halafu siku mbili baadaye mzee wa watu anakuja na fimbo yake kunithibitishia kwamba bosi ana haki.

Bosi anapenda kututajia The Fantasticks, tamthilia ya muziki ya Marekani, tukichoka, kwamba ilianza 1960 New York kwenye ukumbi mdogo, waigizaji wachache, jukwaa karibu tupu, na ikaendelea mpaka 2002, maonyesho 17,162. Ni kweli yote. Ila kuna kitu huwa hamalizii. Nyuma ya waimbaji wale palikuwa na piano na kinubi, na watu wawili wameketi wakivipiga usiku baada ya usiku. Walibana kila kitu kingine wakaacha wale wawili. Mwalimu wangu wa kinanda naye alitusimulia ya Machi 2003, wanamuziki wa Broadway, zile kumbi kubwa za New York, walipogoma siku 4 na waigizaji na mafundi wa jukwaa wakakataa kuingia kazini bila wao, kumbi karibu zote za tamthilia za muziki zikafungwa. Ugomvi ulikuwa juu ya idadi ya chini ya wanamuziki kwenye kila ukumbi, na nyuma ya ugomvi kulikuwa na hofu hii hii, mashine. Wakatoka na idadi iliyopunguzwa, lakini idadi ikabaki kuwepo. Sisi hatuna idadi ya chini. Sisi ni wawili, ukipunguza mmoja amebaki Filimbi anapuliza peke yake gizani.

Jumatano gari lilituzimikia mara mbili njiani, mwimbaji wetu ametangaza anaondoka msimu ukiisha, na mimi nimetimiza miaka 40. Asanteni kwa salamu. Kichwani lakini ilikuwa bado Jumanne, bado fimbo imenyooshwa kuelekea spika.

Sasa leo asubuhi. Tulikuwa garini, mimi siti ya nyuma na kibodi imenilalia begani, Filimbi mbele yangu ana karatasi zake za muziki mapajani anazirudisha juu. (Mwimbaji alikuwa na mafua wiki nzima kwa hiyo tulishusha nyimbo zake zote noti moja nzima. Mimi nina kitufe cha kushusha, kinanisumbua sana kwa sababu kidole kinagusa C na sikio linaletewa B bemoli, lakini angalau ni kitufe. Filimbi hana kitufe, aliandika upya kila kitu kwa mkono gari likiwa linatembea, mistari yote imetetemeka.) Akageuka akaniuliza, "Dada, ile Jumanne pale kwenye zipu, ulipiga nini? Ule wa tano na wa sita. Niandikie kabla sijasahau."

Nikamwambia hata sikumbuki, nilikuwa nasubiri tu.

Niwaeleze ya zipu, maana Jumanne usiku sikuigusa kabisa kwenye shajara, nilikuwa na kanda yangu ya kuomboleza. Sehemu ya pili, kabla ya wimbo mkubwa, mwimbaji anatoka jukwaani kubadili gauni na mimi napiga kipande kidogo cha baa mbili, mapigo manane, nakizungusha mpaka awe tayari. Kwa kawaida mizunguko minne inatosha, sekunde 20. Dada Mavazi anambadilishia gizani na tochi ameing'ata mdomoni, zipu ikipanda anamgusa Kaka Taa, Kaka Taa ananiwashia kataa kadogo kekundu, nikikaona namaliza mzunguko na tunaingia. Jumanne mzunguko wa nne ukaisha, hakuna nyekundu. Wa tano, hakuna. Kumbe zipu ilikuwa imeng'ata kitambaa cha ndani katikati ya mgongo, haipandi haishuki, na yule dada anaivuta huku mikono imeloa jasho na meno yameshika tochi, hawezi hata kusema.

Mimi nyuma ya pazia sijui hayo. Najua tu kwamba jukwaa ni tupu na kuna watu kwenye viti. Ukizungusha kitu kilekile mara nyingi kuna pahali sikio la mtu linastuka, linaanza kuuliza kuna nini, unasikia viti vinaanza kulia. Kwa hiyo mzunguko wa tano niliondoa mkono wa kushoto wote, nikaacha noti mbili za juu tu zinadondoka moja moja. Na wa sita, bila kuangaliana, bila kitu, Filimbi akaingia chini kabisa, ile sauti ya filimbi yenye pumzi nyingi kuliko noti, akashika noti moja akainyoosha mpaka mwisho wa mapigo manane. Hakuna aliyeiandika hiyo. Wa saba nikarudisha mkono wa kushoto nusu tu. Wa nane nikapanda juu, yeye akashuka. Na ukumbi ukatulia, nakumbuka sasa, ukatulia vile unavyotulia mtoto akipata usingizi mgongoni. Mizunguko kumi na moja, karibu dakika nzima, ndiyo nyekundu ikawaka.

Nikiwa namwimbia Filimbi hapo garini ule wa tano, kwa sauti ndogo, nikimtafutia noti, ndipo ikarudi. Ile sehemu ya pili ya maneno ya mzee. Yale niliyosema sikuyasikia. Niliyasikia, nilikuwa nimeyafungia tu. Alisema hivi, na fimbo bado iko hewani:

"Hasa pale inapozungukazunguka kabla yule binti hajatokea. Pale ningeweza kukaa mpaka asubuhi."

Nikamshika Filimbi bega. Nikamwambia rudia, hapana, nisikilize mimi, mzee alisema hivi. Akanitazama hajui mzee gani, sikuwa nimemwambia mtu yeyote garini, nilikuwa naona aibu. Nikamsimulia yote, kanda, asante, waya, yote. Alipoelewa aliziba mdomo kwa zile karatasi zake zilizotetemeka, na macho yakajaa maji, na mimi yangu pia, Kaka Taa akauliza kwani kuna msiba huko nyuma.

Kitu alichokipenda mzee kuliko vyote usiku ule kilikuwa zipu iliyokwama. Kilikuwa sisi wawili hatujui kitatokea nini. Hakikuwepo Jumatatu na jana usiku hakikuwepo tena maana zipu ilipanda vizuri, mizunguko minne, nyekundu, tukaingia. Najua siku hizi kuna programu zinazoweza kuzungusha kipande mpaka mtu abonyeze kitufe, bosi alishanionyesha, na sitaki kudanganya kwamba haziwezi kusubiri. Zinasubiri. Lakini ingekuwa kilekile mara kumi na moja, na huyo mzee mwenye masikio kama yale angestuka kwenye wa sita.

Tangu hapo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeiandika mizunguko yote kumi na moja kwenye karatasi, mingine nimeibahatisha, Filimbi amenisahihisha miwili. Wa tisa tumeshindwa kabisa, kila mmoja anakumbuka vyake. Nimemwomba Dada Mavazi samahani kwa nilivyomnunia Jumanne usiku kuhusu zipu, akasema hata hakuona kama nimenuna, alikuwa na jeraha la tochi mdomoni.

Bosi sijamwambia. Nataka nimwambie nikiwa nimetulia, bila kubisha, nimsimulie tu mzee alisema nini na kwa mpangilio gani. Dada Mavazi anasema nimpelekee karatasi kabisa. Sijui.

Ila mzee mwenyewe bado anajua ni kanda, hilo linaniuma hata sasa, kidogo, kwa namna nyingine. Miji miwili nyuma yetu kuna mtu ana kipande chetu kichwani na anafikiri kuna mahali kimehifadhiwa, kwamba akitaka anaweza kukipata akakisikiliza tena. Hakipo mzee wangu. Ulikipata peke yako, wewe na waliokaa kwenye viti vile. Ningekuwa nimefungua mdomo ningekuambia.

Tumefika, Kaka Taa anapiga honi nikashushe kibodi, ukumbi wa leo una ngazi nyingi.

Mama bado hajaenda kuchukua majibu ya macho. Nimempigia mara mbili leo, mara ya kwanza alisema ataenda kesho, mara ya pili hakupokea, na mdogo wangu anasema jana alimkuta anapapasa ukuta akitafuta swichi mchana kweupe.