Mama mkubwa katapika siku tatu tukajua malaria

Jamani hili acha niliandike maana bado halijanitoka. Mama mkubwa wangu tuko naye hapa Ujiji, anameza vidonge vya kukojosha sababu ya moyo, sasa wiki iliyopita akaanza kutapika, siku ya kwanza tukasema ni chakula, ya pili tukasema malaria, akapimwa hakuna kitu, na kiungulia kikimbana anakoroga magadi kwenye kikombe anakunywa, ndo mazoea yake miaka yote. Siku ya tatu asubuhi nampa uji naona vidole vimejikunja vyenyewe, gumba limeingia kiganjani, mdomo anasema una ganzi, halafu ananiita jina la marehemu mama yangu. Nilitetemeka. Nikaita bajaji hapo hapo.

Daktari akanielewesha vizuri, tindikali ya tumbo imetoka yote na matapishi, vidonge navyo vimemaliza maji na potasiamu, yale madini ya mwilini, magadi yakaongezea, damu ikazidi alkali, yaani kinyume cha tindikali. Potasiamu ilikuwa 2.6 wakati inatakiwa isishuke chini ya 3.5, na ikishuka hivyo hata mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kumbe hata vichanga vya wiki chache njia ya chakula kutoka tumboni ikibana wanatapika kwa nguvu kila wakinyonya wanafikia huko huko!

Wakamtundikia dripu za maji ya chumvi, potasiamu wakaipitisha pole pole, vile vidonge vikasimamishwa kwanza. Kesho yake vidole vikanyooka, akanijua.

Leo kaomba migebuka na ugali wa muhogo. Magadi nimeshayatoa jikoni.