Polisi walinijia Ijumaa: nilivyokwepa kulala seli

Mtaani kwetu Nakuru, polisi wakikutafuta Ijumaa alasiri, jua kuna mtu aliyepiga hesabu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, anangoja siku ya kazi inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kusota hadi Jumatatu.

Nilikuwa nimetoka kufuata mzigo wakati mama wa duka la M-Pesa aliponipigia. “Baba Brayo, usirudi kwanza. Wako hapa, na landilodi amesimama nao.” Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Wiki hiyo alikuwa amelifunga duka langu kwa kufuli lake bila notisi, nami nikamwambia yaliyokuwa moyoni kwa sauti hadi watu wakajaa. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Nilikwenda kwa dada yangu Njoro. Simu sikuizima, maana ukizima unawapa sababu ya kusema umetoroka.

Binamu yangu alishasema dawa ni moja tu: dhamana ya kabla ya kukamatwa, kutoka Mahakama Kuu. Nikaenda kwa wakili na pesa za kukopa, tayari kwa hilo. Kabla ya kuzigusa, wakili akamtuma karani wake kituoni aulize nimeandikiwa nini kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Jibu: kuzua vurugu, kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kifungo chake hakizidi miezi sita.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ibara ya pili ya kifungu kilekile cha 49 inasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Landilodi na rafiki zake hawakuwa wamesoma hadi hapo.

Kuhusu ile dhamana, wakili alinieleza bila kunipamba. Hakuna sheria ya Bunge inayoitaja waziwazi, na majaji huitoa kwa kuegemea Katiba. Tangu uamuzi wa W’Njuguna dhidi ya Jamhuri, wanatazama kama vyombo vinavyopaswa kukulinda ndivyo vinavyokukanyagia haki. Hofu tupu haitoshi. Unaleta hati ya kiapo yenye jumbe za vitisho, namba zilizokupigia, nani alikuja na lini. Na ukiipata haizuii kushtakiwa, ingawa wengi hudhani ni kinga. Kwa kawaida jaji anakuamuru ujipeleke kituoni siku fulani ukiwa na bondi, yaani ahadi ya maandishi kwamba utafika ukiitwa, na agizo linafikia kikomo ukifunguliwa mashtaka.

Aliandaa ombi la dharura na kuliweka tayari, bila kuliwasilisha. Kisha akamwandikia OCS, mkuu wa kituo cha polisi, barua: mteja wangu hajajificha, atafika Jumanne asubuhi kuandikisha taarifa, kosa ni hili na Katiba inasema hivi. Jumatatu nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo moja, kwa maoni yangu, ilizidi nguvu lile ombi zima.

Jumanne nilifika na wakili pamoja na kaka yangu, mdhamini, akiwa na kitambulisho. Afisa alianza na “huyu aingie ndani kidogo tukitafuta faili.” Wakili akaweka barua mezani, hakusema neno. Faili ikaonekana upesi. Nikaandikisha taarifa, nikaisoma yote kabla ya kutia sahihi, nikaachiliwa kwa bondi isiyo ya pesa taslimu. Wangetaka pesa, tungedai risiti, kwa sababu pesa za dhamana hurudishwa na risiti ndiyo ushahidi wako.

Suala la kufuli tulilipeleka kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, mahali pake tangu mwanzo, na duka likafunguliwa kwa amri. Faili ya polisi bado iko kwa mwendesha mashtaka.

Lakini asiige njia yangu ya barua mtu aliyeandikiwa shambulio la kudhuru mwili. Hilo lina kifungo cha hadi miaka mitano, na ile ibara ya miezi sita haimgusi. Ningekuwa yeye, na vitisho ninavyo kwenye simu, ombi la Mahakama Kuu lingekuwa limewasilishwa Jumatatu hiyohiyo.