Sensa Nne Pipani

Nilikuwa mwaka wa pili katika umeme wa mitambo, kipindi ambacho fundi hujiona ameshahitimu yote. Nikakabidhiwa kabati dogo la kuendesha mkanda wa kusafirishia bidhaa: PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo), moduli ya viingizo 16 ya kupokea ishara za sensa, pawasapulai ya volti 24, na sensa nane za kugundua chuma. Nne za zamani, nne zimetoka kwenye katoni siku hiyohiyo.

Nilifunga nyaya kwa mazoea. Kahawia kwenye chanya, bluu kwenye sifuri, nyeusi kwenye kiingizo. Terminali ya COM, ile ya pamoja ya viingizo, nikaiunga kwenye sifuri. Nikapitisha bisibisi mbele ya sensa ya kwanza: taa yake ikawaka, na ya moduli ikawaka. Ya pili hadi ya nne, hivyohivyo. Ya tano ikawaka yenyewe tu, moduli kimya.

Nikakaza skrubu upya. Nikamenya nyaya upya. Nikaweka mita kwenye waya mweusi: sifuri. Nikasogeza chuma: sifuri vilevile. Ya sita, ya saba, ya nane, jibu ni lilelile. Nikahukumu kuwa katoni nzima ni mbovu, nikazing'oa. Ya nane, kwa hasira, niliikata kwa koleo karibu kabisa na shingo. Zote pipani.

Jioni akaja mzee wetu wa zamu.

"Taa ya sensa ilikuwa inawaka?"

"Inawaka, mzee."

"Sasa inayoona chuma unaizikaje kwa upofu, kijana?"

Akainama pipani, akaokota moja, akaipangusa kwa kidole gumba. "Soma mchoro."

Ubavuni palikuwa na mchoro mdogo mno, nikausogeza kwenye tochi. Kiboksi cha mzigo, yaani kile kinachopokea ishara ya sensa, kilichorwa kati ya waya wa kahawia na mweusi. Kwenye zile za zamani kilikuwa kati ya mweusi na bluu. Kumbe za zamani ni aina ya PNP, mpya ni aina ya NPN. PNP ikiona chuma hutoa volti 24 kwenye waya mweusi, umeme ukapita ndani ya kiingizo na kutokea COM. NPN huuvuta waya mweusi kwenda sifuri. Nami COM nilishaiweka sifuri! Sifuri huku, sifuri kule, umeme upite wapi? Mita haikunidanganya hata mara moja.

Bahati yetu, moduli ile ilikubali aina zote mbili. Ila kila viingizo nane vilikuwa na COM moja, kwa hiyo kundi moja halichanganyi PNP na NPN. Tukazihamishia mpya kundi la pili, COM yake tukaiunga kwenye chanya. Taa zikawaka papo hapo. Nikarudi kwenye programu kubadilisha anwani, yaani namba za viingizo zinazoanzia 0, kutoka 4 hadi 7 ziwe 8 hadi 11, nikaisahau moja. Mkanda haukusimama, kopo la majaribio likaanguka sakafuni. Mzee hakusema kitu.

Ile ya nane waya wake ulibaki urefu wa vidole vitatu. Ikabidi niuunganishe kwa terminali ndani ya kiboksi cha plastiki pembeni ya mkanda. Kila fundi mgeni aliyekiona aliuliza kinafanya nini pale, na mzee akiwa karibu aliwahi kujibu, "Muulizeni mwenye koleo."