Nilivyopata tuzo kwa habari ya visima vya Makutupora

Cheti nimekitundika sebuleni. Nilikipata kwenye Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, hizi za EJAT zinazoratibiwa na Baraza la Habari, kwa habari ya mazingira. Nawaandikia wenzangu wa mikoani, maana nimechoka kuwasikia wakiambiwa kuwa tuzo ni za watu wa Dar es Salaam.

Mara ya kwanza nilikosa. Mkubwa wangu mmoja wa kazi alinishauri, "Weka mgeni rasmi, weka idadi ya miche, majaji wanapenda takwimu." Nikatii. Habari yangu ya upandaji miti ilianza na jina la kiongozi na cheo chake, mistari mitatu mizima, ikafuata picha ya koleo. Haikufika popote. Miezi kadhaa baadaye nilirudi pale bila msafara, nikaikuta miche iliyo hai ikihesabika kwa vidole. Iliniuma sana. Habari yenyewe ilikuwa ile, na hakuna aliyeniambia nirudi kuitazama.

Mwaka uliofuata mtaani kwetu Dodoma watu walikuwa wanauliza jambo moja: mvua imenyesha, mbona mgao wa maji haupungui? Nikakumbuka utafiti uliotoka mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, uliotumia vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji ardhini hapa hapa Makutupora, kwenye visima vinavyoleta maji mjini kwetu. Rekodi ndefu namna hiyo katika nchi kame za tropiki ni adimu, nasi tunapita juu yake kila siku tukienda kununua zabibu! Niliusoma kwa wiki mbili, kamusi pembeni. Mtaalamu wa maji akanifafanulia kwa simu zaidi ya saa nzima. Gharama yangu ilikuwa vocha tu.

Kumbe mvua yetu ya kawaida nyingi huishia juu juu, jua na mizizi vinaimaliza. Maji ya chini hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi wa El Niño au bahari ya Hindi inapopata joto lisilo la kawaida upande wetu, na kina kinapanda kwa mkupuo.

Sasa hilo utamwelezaje msomaji? Hapa ndipo ninapojivunia. Niliichapisha grafu ya utafiti ule, ya kupanda na kushuka kwa maji, kwa vipande, nikaviunganisha kwa gundi hadi ikawa ndefu kama mkeka. Duka la steshenari walinitoza elfu mbili au tatu hivi. Nikaikunja miaka isionekane, nikapanda daladala hadi kwa mzee mmoja wa Veyula. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na uji, nikamwomba anisimulie misimu anayoikumbuka, ya njaa na ya neema. Mvua za El Niño alizisimulia kwa kirefu: korongo walilivuka wameshikana mikono, mahindi yakaozea shambani, kitinda mimba wake akiwa bado mgongoni. Nikaikunjua karatasi. Mwaka 1997/98 mstari umepanda kama mlima.

Mkewe akaweka upawa chini. "Ina maana maji haya tunayokunywa yalinyesha mwanangu akiwa mchanga?"

Nikaanza habari na swali lake. Lakini kabla ya kuichapisha nilimpigia tena mtaalamu, akanirekebisha: maji ya chini yanachanganyika, ila msimu ule ulichangia kuliko misimu mingi ya kawaida ikijumlishwa. Nikaandika hivyo hivyo. Mpe mtaalamu hesabu zako azikague, habari yenyewe ibaki yako. Mhariri alitaka kauli ya mkurugenzi ipande juu, nikamsihi hadi akakubali ikae aya ya sita.

Na tunza nakala ya gazeti yenye tarehe, kwa sababu kazi inayoshindanishwa ni ya mwaka uliotangulia. Yangu niliipata kwa muuza vitumbua soko la Majengo, ina doa la mafuta.

Usiku wa kutajwa jina langu nilimpigia mzee simu nikiwa bado ukumbini. Akasema, "Hongera, mwanangu. Ile karatasi sikurudishii." Ameibandika ukutani, na misimu iliyofuata anaiongeza mwenyewe kwa penseli.