Mvua ikiwa kilimani, simamisha hema mapema

Mimi napenda vilima vikiwa na mvua. Ukungu unakuja unaondoka, njia yote ni yenu peke yenu, vijito vinanguruma, na mkiwa ndani ya hema usiku mnasikia upepo unapita juu mnajua mko salama, hiyo raha siwezi kuilinganisha na kitu. Ila kulala porini kabisa, sehemu isiyo na banda wala kambi, na hali ya hewa ni mbaya, kuna jambo moja nitalisema mpaka mnichoke, simamisheni hema mapema. Yani vidole viwe bado vinaweza kufunga fundo, mwanga upo, na hakuna aliyeanza kutetemeka. Watu wengi wanajilazimisha wafike pale walipopanga kwenye ramani, wanafika giza limeingia, wamelowa, na hapo kila kitu kinakuwa kigumu, hata zipu ya begi tu inakushinda.

Baridi ya juu inadanganya sana. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu hivi, kwahiyo bondeni mliacha nyuzi 15 huko juu mnakuta 8 au 9, bado hujaweka upepo, na upepo ukiongeza kasi mara mbili nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne. Af sasa uwe umelowa. Maji yananyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, mara 20 na zaidi, ndo maana mtu anaweza kupata haipothemia, yani mwili kupoa kupita kiasi, hata sehemu ambayo hakuna barafu kabisa. Mwili unatakiwa uwe nyuzi 37, ukishuka chini ya 35 tayari. Dalili mnaziona kwa mwenzenu kabla yeye hajajijua, anajikwaa, anaangusha vitu, maneno yanakuwa mazito, anakuwa mkali bila sababu, anakataa kula. Na akiacha kutetemeka wakati bado ana baridi msifurahi jamani, hapo ndo pabaya zaidi.

Kupanga muda kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, kwa hesabu za sasa ni saa 1 kwa kila kilomita 5 halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ni nzuri lakini ni ya mtu mwenye nguvu kwenye njia nzuri. Kwenye tope na begi zito mgongoni mimi naongeza nusu yake na sijawahi kujutia.

Sehemu ya kulala: mgongoni mwa kilima hapana, na ile sehemu ya chini kati ya vilele viwili pia hapana, upepo unabanwa pale unatoka na nguvu zote. Chini kabisa bondeni baridi inatuama na kijito kinaweza kujaa usiku mmelala, hata kile kilichokauka. Tafuteni mteremko upande uliokingwa, juu kidogo ya maji, na upande mwembamba wa hema uelekee upepo unakotokea, kamba zote zikazwe hata kama kwa sasa kumetulia. Radi nayo, ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka mngurumo gawanya kwa 3 unapata kilomita, ila ukweli ni kwamba kama unausikia basi inaweza kukufikia. Shukeni, kaeni mbali na mti uliosimama peke yake, na hema halikingi radi hata kidogo.

Nguo za kulalia zikae kwenye mfuko mzito wa plastiki ndani kabisa ya begi, pamoja na slipingi begi (ule mfuko wa kulalia), na HAZIVALIWI mchana hata ulowe vipi. Hapa sina mjadala. Nguo za pamba ziacheni nyumbani, zikilowa zinakugeuka, sufu, yani manyoya ya kondoo, hata ikilowa inabaki na joto kidogo. Slipingi begi la manyoya ya ndege likilowa linasinyaa joto linaisha. Na jiko msiwashe ndani ya hema lililofungwa, naomba sana, kuna moto halafu kuna kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, mtu anasinzia haamki.

Asubuhi kama bado inanyesha fungasheni kila kitu mkiwa ndani, hema liwe la mwisho na likae nje ya begi au kwenye mfuko wake peke yake lisiloweshe vingine. Kabla ya kutoka, vueni zile nguo kavu mzirudishe kwenye plastiki, mvae za jana zilizolowa. Inauma kwa dakika chache, af mkianza kupanda mwili unapata moto, na usiku wa pili mna nguo kavu.